Sura ya Tano: Nguzo Isiyo na Mguu

Kila nguzo aliyoikata Sajenti Mwelu ilitoa kiini chekundu, na kila kiini chekundu kilizidi kuiharibu kesi aliyotumwa kuifunga. Alikata kipande chembamba kutoka kila nguzo, akavipanga vyote juu ya bati lililokunjamana, kisha akasimama kuvitazama huku akikung'uta unga wa mbao kwenye sketi.

Ukumbi wa kanisa la Kyangosi ulikuwa umeanguka Jumapili moja alasiri, kwaya ikiwa ndani kwa mazoezi. Upepo wa kuleta mvua ulivuma, kona ya upande wa mto ikalegea, paa likashuka. Wengi walitoka na majeraha. Ndinda, binti wa Kiema na Wanza, alikuwa na miaka kumi na minne, na hakutoka. Baada ya mazishi, Kiema aliandamana na wazee wa kanisa hadi kituo cha polisi cha Machakos, na siku hiyo hiyo fundi Jeremiah Ndambuki akatiwa selo. Jumatatu angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia.

Shtaka lenyewe lilisimama juu ya jambo moja tu. Tangu serikali ipige marufuku kukata miti ya misitu, mbao za mtarakwa na podo zilikuwa zimepotea madukani, na zilizobaki hazikugusika kwa bei. Ndipo Ndambuki akawashauri watu wa Kyangosi wajenge kwa mukau, mti wao wenyewe, unaostawi penye ukame na usioguswa na mchwa. Kila nyumba ilitoa mti mmoja. Sasa ikasemwa kwamba fundi aliiuza miti hiyo kwa wachongaji wa Wamunyu, akasimamisha mikaratusi michanga mahali pake, na kuipaka oili chafu ya gari ili isitambulike. Oili hiyo ilipakwa kwenye nguzo zote za Ukambani kuzuia wadudu, kwa hiyo chini ya weusi ule hakuna aliyejua mti gani umesimama. Yalikuwa maneno yenye mantiki. Tatizo lake ni kwamba hayakuwa kweli.

"Madam, hii yote ni mukau," alisema Koplo Abdifatah, aliyekuwa akishika upande wa pili wa msumeno. "Hata mimi mtoto wa muuza nyama naona. Mkaratusi ukikata unanuka kama dawa ya kifua."

"Bado moja."

Walienda kona ya upande wa mto. Nusu ya juu ya nguzo ile ilikuwa imelala chini ya mabati, na mwisho wake uliovunjika ulikuwa umeoza. Mwelu alichuchumaa, akaingiza vidole, akatoa unga wa kahawia wenye unyevu. Aliunusa. Akatafuta udongo ambao mchwa hujengea njia zao, asiuone hata chembe. Wakaikata ile nguzo karibu na ncha ya juu, penye uzima, na kiini kikatoka chekundu kama vile vingine. Nayo ilikuwa mukau.

Basi mti usioliwa na mchwa na usiooza upesi ulikuwa umeoza kutoka ndani kwenda nje, huku wenzake wote wakiwa wazima, fundi mmoja, oili moja, udongo mmoja.

"Tuangalie mguu wake," Mwelu alisema.

Mguu haukuwepo. Mahali pa nguzo palikuwa na shimo lililofukiwa kwa haraka, na udongo wake ulikuwa mlaini kuliko wa pande zote. Mtu alikuwa amekichimba kipande kilichobaki ardhini, akaenda nacho.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wa kanisa, jina lake Mbinya, ndiye aliyewaeleza maana ya hilo shimo. Alisema kwamba kila nyumba ilichonga alama ya ukoo wake kwenye mguu wa mti wake, alama ile ile wanayoichonga kwenye mizinga ya nyuki, ili mwizi ajulikane. Lakini mchungaji alikuwa ameamuru alama zote zizikwe ardhini, mtu asije akajigamba ibadani kwamba nguzo ile nene ni yake. Ndambuki peke yake, na vibarua aliowaleta kutoka mbali, ndio waliojua nguzo ipi ilitoka kwa nani.

Mwelu alikuwa amemuuliza Ndambuki swali hilo siku mbili mfululizo. Fundi alikuwa ametazama sakafu ya selo, akasema hakumbuki. Mtu aliyekumbuka kipimo cha kila dirisha alilowahi kutengeneza tangu ujana wake, hakumbuki.

"Nani alikuja hapa baada ya ajali?" Mwelu alimuuliza Mbinya.

"Nani hakukuja? Kijiji mzima." Mbinya aliegemea fagio lake. "Lakini mimi nitakwambia, madam. Mtafute yule Msomali wa mbuzi, Dayib. Lori yake huwa inageuka hapa kwa uwanja. Watu wanasema ilirudi nyuma ikagonga hiyo kona."

"Wewe uliiona?"

"Watu wanasema."

Abdifatah alikohoa. Mbinya akamtazama, akakumbuka jina lake la Kisomali, na akayaelekeza macho kwenye takataka alizokuwa akifagia. Kuondoa haya akaleta habari nyingine, kuhusu mazishi, kwamba yalijaa watu lakini chakula kiliwashinda. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulinuka kama gereji. Mchungaji mwenyewe alikula vijiko viwili akasema amefunga.

Abdifatah alicheka. Mwelu hakucheka. Alimwomba Mbinya aseme tena, polepole, ulinuka nini.

"Oili," alisema Mbinya. "Kama umepikiwa kwa injini."

*

Walimkuta Dayib kwenye soko la mifugo la Wamunyu, akimpapasa mbuzi kiunoni kujua nyama yake. Alikuwa mtu mnene wa ndevu zilizopakwa hina, na alipomwona Abdifatah aliinua mikono juu kama mateka.

"Mtoto wa Hirsi mchinjaji," alisema. "Nimekubeba ukiwa na kamasi. Leo umekuja kunifunga?"

"Adeer, ami yangu, huyu ndiye mkubwa. Mimi nashika msumeno tu."

Dayib alimsalimu Mwelu kwa adabu, akasikiliza, akakasirika bila kupaza sauti. Jumapili ile lori lake lilikuwa limelala Kinanie limevunjika springi, na makanika aliyelitengeneza angeweza kuulizwa hata leo. Abdifatah alikuwa ameshauliza habari za lori hilo njiani, kwa simu ya kibanda, na ilikuwa hivyo. Lakini Dayib hakutaka kuachia hapo.

"Kila mwaka ninanunua mbuzi yao. Wakati wa njaa ninanunua, hata kama ni ngozi na pembe. Halafu nyumba ikianguka, ni Msomali." Alimwachilia mbuzi aende. "Waambie Kyangosi yote inanijua, na mimi ninaijua Kyangosi. Najua nani anaficha nini."

"Nani anaficha nini?" Mwelu aliuliza.

Ilikuwa kauli ya hasira tu, na Dayib alionekana kutafuta njia ya kuirudisha. Mwishoni alisema si siri kubwa. Ule mwaka wa kiangazi kirefu, miaka mitatu nyuma, mbuzi wote wa sehemu hiyo walikuwa wakidondoka kwenye njia. Nyumba moja tu ilikuwa na mbuzi wa kuuzwa, wamenona, manyoya yanang'aa.

"Nyumba ya nani?"

"Huyo mama amezika mtoto. Mama Ndinda. Bwana yake alikuwa bawabu kule viwanda vya EPZ, Athi River, yeye yuko peke yake. Nikamuuliza, mama, unawapa nini hawa? Akaniambia maombi." Dayib alitikisa kichwa. "Walahi, nikamlipa bei ya maombi."

Mwelu alimshukuru, akarudi kwenye Lendrova, akakaa bila kuwasha gari. Abdifatah alimngojea.

Mwelu alizaliwa mwendo wa saa moja kutoka pale na alijua kitu ambacho koplo wake wa mjini hakukijua. Kiangazi kinapokausha kila jani, mukau huchipua kabla mvua haijaja. Ndiyo sababu watu hupanda juu yake na panga, wakayakata matawi na kuwatupia mbuzi. Kila mukau wa Ukambani una makovu hayo. Ila miti ya kanisa, kama wote wawili walivyosoma kwenye maelezo ya wazee. Ndambuki alikuwa ameichagua miti hiyo ingali imesimama mashambani, miaka mingi kabla ya ujenzi, akaifunga kitambaa chekundu kila mmoja na kuwaapisha wenyewe mbele ya madhabahu kwamba mti wa kanisa haukatwi majani. Tawi likikatwa vibaya huacha kidonda, kidonda kinanywa maji, na maji yanashuka moyoni mwa mti. Kwa nje utauona mzima. Ndani ni pango.

"Mwaka ule," Mwelu alisema, "miti yote ya mbuzi ilikuwa imekatwa ikabaki vijiti. Palikuwa na mti mmoja tu katika kila shamba wenye majani."

Abdifatah alifikiri. "Ule wa kitambaa."

"Ule wa kitambaa."

*

Boma la Kiema lilikuwa bado na viti vya kukodi vilivyopangwa kando ya ukuta. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, na juu yake miiba ya kuzuia mbuzi. Kiema hakuwepo. Alikuwa amewapeleka wanyama mtoni.

Kitu cha kwanza Mwelu alichokitazama ni kuni. Majirani huleta kuni kwenye matanga kama watu wengine wanavyoleta maua, na Kyangosi walikuwa wameleta kwa wingi. Rundo kubwa lilikuwa bado limesimama kando ya jiko, kavu, halijaguswa upande mmoja. Mtu mwenye kuni hizo hana haja ya kupika muthokoi kwa mbao iliyolowa oili. Asipokuwa na haja nyingine.

Wanza aliwakaribisha kwa sauti ndogo, akamwita Mwelu "mwanangu," akataka kuweka chai. Mwelu alimwambia akae. Akamwomba Abdifatah abaki nje. Kisha akaokota kijiti, akafukua majivu ya pembeni mwa jiko, yale ya siku nyingi ambayo hakuna aliyeyazoa, na chini yake jiwe la mafiga lilikuwa limeshika lami nyeusi inayong'aa. Mwelu aliikwaruza kwa ukucha, akamwonyesha.



"Mwaitu," Mwelu alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "nguzo ilikuwa na alama ya nani?"

"Yetu."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Alisema kwamba siku ile ya ajali, mwili ulipokwisha kupelekwa mochari, kila mama aliyetoa mti alikuwa anajiuliza, lakini yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sababu. Alfajiri alichukua jembe akaenda. Mvua ilikuwa imelainisha udongo.

"Nilichimba nikiomba nikute alama ya mtu mwingine," alisema. "Unaona vile nilikuwa. Mtoto wangu amelala mochari, na mimi naombea jirani yangu awe ndiye."

Alikiviringisha kile kipande hadi nyumbani kwa mguu. Siku ya matanga akakiweka motoni mwenyewe, asubuhi, kabla wapishi hawajafika.

Mwelu alimuuliza juu ya kiangazi kile. Wanza alisema mbuzi ndio waliokuwa karo ya shule, na mshahara wa Kiema ulikuwa umechelewa, na kulikuwa na mti mmoja wenye majani ambao waliapa kutougusa. Aliugusa. Alianza na tawi la chini, kisha la juu yake. Kitambaa chekundu alikiacha.

"Wewe ulipanda?"

Wanza alijishika kiuno. Nje Abdifatah alikuwa anazungumza na kuku.

"Mimi mgongo wangu ni mbaya tangu nimzae," alisema. "Yeye ndiye alipanda. Alikuwa mwepesi. Alikuwa anaimba huko juu, namwambia nyamaza, watu watasikia."

Mwelu aliangalia mlango.

"Baba yake hajui," Wanza alisema, na kwa mara ya kwanza aliushika mkono wa afisa. "Ukimwambia ni mti wetu, ukimwambia ni mimi nilimpandisha huko, huyo mwanaume atakufa. Wacha aendelee kumkasirikia fundi. Hasira ndiyo inamfanya ale."

"Fundi yuko selo kwa ajili ya hasira hiyo."

"Najua," Wanza alisema. "Kila usiku najua."

*

Kiema alikuwa mtoni, amekaa kwenye jiwe, mbuzi wake wakinywa maji chini yake. Alikuwa mtu mrefu aliyekonda kwa muda mfupi, shati limekuwa kubwa. Aliuliza kama Ndambuki ameshakubali. Mwelu akamwambia kwamba nguzo zote zilikuwa mukau, hakuna iliyouzwa, hakuna iliyobadilishwa.

"Basi aliijenga vibaya."

"Zile nyingine zote zimekaa sawasawa. Moja tu ndiyo ilioza."

Kiema alitupa kijiwe majini kumfukuza mbuzi aliyekuwa akiingia mbali. Mwelu alikuwa amekuja na hila yake. Hakumwambia mti ulikuwa wa nani, wala hakutaja jikoni. Alisema tu kwamba fundi mwangalifu kama Ndambuki angeuona mti wenye kidonda ungali chini, kabla haujasimamishwa. Angeukataa. Alikuwa ameshakataa miti ya watu wengine, na kuna mmoja aliyehama kanisa kwa aibu hiyo. Sasa alitaka kujua ni nani aliyemwomba asiukatae huu.

Alisubiri. Maswali mengine huulizwa kwa kunyamaza.

"Hakuniambia hapana," Kiema alisema mwishowe. "Alinivuta kando akanionyesha. Aliingiza kijiti kikazama. Akasema, Kiema, huu hauwezi."

"Ukajua ulikatwa majani."

"Nilijua siku niliyorudi kutoka Athi River. Mtu akiwa na macho anaona. Mke wangu hakuniambia na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimemwachia mbuzi na njaa, nitamuuliza nini?" Alipangusa uso kwa kiganja. "Nikamwambia fundi, ukiukataa mbele ya watu, umemkataa mke wangu mbele ya watu. Watajua alivunja kiapo. Fanya vile unajua, uzibe, upake oili, uweke kona ambayo haibebi sana. Akakataa. Nikamwomba tena. Nikamshika goti, madam. Mimi, mzee wa kanisa."

"Na akaziba."

"Akaziba. Alikuwa analia akiziba."

Abdifatah, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alijisahau akasema, "Na ukaja kituoni ukasema aliuza miti."

Kiema aligeuka. Hakukuwa na ukali usoni mwake, ni uchovu tu.

"Wewe huna mtoto," alisema. "Ilikuwa lazima kuwe na mtu amemuua. Nilitaka awe mtu wa mbali na nyumba yangu."

"Alikusaidia," Mwelu alisema.

"Alinisaidia. Mimi najua mbuzi. Yeye ndiye anajua mbao. Kazi yake ilikuwa ni kunikatalia." Alisimama, akawapigia mbuzi mluzi. Kisha, akiwa ameshawapa mgongo, akaomba jambo moja. Mambo haya yasimfikie Wanza. Yeye alidhani hakuna anayejua, na kama angejua mumewe alijua siku zote, na bado akauacha mti usimamishwe juu ya mtoto wao, asingeweza tena kulala nyumba moja naye.

Mwelu alimwambia kwamba Jumatatu wataitwa wote wawili kama mashahidi, na kila mmoja atamsikia mwenzake. Kiema aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho ameshakinunua.

*

Nguzo iliyovunjika ililetwa kituoni na kulazwa nyuma ya ofisi. Mwelu alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akaanza kuisugua. Oili ilitoka kwa shida, tabaka baada ya tabaka. Juu kidogo ya mahali ilipovunjika, weusi ulipokwisha, kilitokea kiraka cha mbao, mviringo, kimeingizwa kwenye kidonda cha tawi na kusawazishwa kwa randa. Nyuzi za kiraka zilifuata nyuzi za mti. Hata gundi haikuonekana. Mwelu alipitisha kidole mara kadhaa kabla ya kuuona mpaka wake.

"Kazi safi," Abdifatah alisema.

"Ndiyo itakayomfunga," Mwelu alisema.

 Asubuhi ya siku ile walikuwa wametoka Machakos kuifunga kesi, na nguzo za kwanza zikawapa sababu ya kumwachilia Ndambuki. Kesi dhidi yake ilikuwa uvumi mtupu, na wakili yeyote angeipeperusha. Walikuwa wameumaliza uvumi. Mahali pake walikuwa wameleta kipande cha mbao kinachosema, kwa ufasaha kuliko shahidi yeyote, kwamba fundi aliuona uozo, akaupima, akaufunika.

Ndambuki alikuwa amekaa kwenye kona ya selo, magoti juu. Mwelu alimwambia yote waliyoyapata, bila kuficha. Alipofika kwenye kiraka, fundi aliuliza kama kilikuwa kimeachia.

"Hapana. Nguzo ilivunjikia chini yake."

"Nilijua kitashika." Akajikanya. "Si hicho nilichotaka kusema."

"Kwa nini hukusema, fundi? Siku ya kwanza. Ungesema Kiema alikuomba, mambo yangekuwa nusu."

"Ningesema kwa nani? Kwa mtu anazika?" Aliitazama mikono yake. "Niliukataa mti wa Wayua, yule mjane, kwa ufa mdogo tu. Alilia, nikamwambia mti hauna huruma, mama, na mimi siwezi kuwa nayo. Nilijiona mtu wa haki. Halafu huyu rafiki yangu ananishika goti, nikaipata hiyo huruma. Nikafikiri, kona tu. Nikafikiri, miaka kumi itashika, na kabla ya hapo nitakuja nibadilishe kimyakimya."

"Utasema hivyo kortini?"

"Nitasema ni kweli. Kuna kingine?"

Mwelu alimweleza kwamba angeweza kumtaja Kiema kama mshiriki. Ndambuki alitikisa kichwa polepole, mara moja. Fundi alikuwa mmoja, alisema, na nyundo ilikuwa mkononi mwake.

*

Jumatatu shtaka lilisomwa, na Jeremiah Ndambuki akajibu kwamba ni kweli. Mashahidi hawakuhitajika. Kiema na Wanza walikuwa wamekaa benchi moja, wamevaa nguo za kanisani, na waliposikia wanaweza kwenda walisimama kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote, wala hakuna aliyelazimika. Hakimu aliagiza fundi arudishwe rumande angoje hukumu.

Wiki hiyo hiyo Mwelu alipita Kyangosi kurudisha msumeno wa kanisa. Uwanjani moshi ulikuwa unapanda. Nguzo za mukau, zile nzima, zilikuwa zimekatwa vipande na kurundikwa kwenye tanuri la makaa. Mbinya alimweleza kwamba waumini hawakutaka tena kuingia chini ya miti iliyoua. Kamati ilikuwa imekubaliana na mfanyabiashara mmoja wa mbao, na mchungaji alikuwa ameombea mpango huo. Ukumbi mpya ungekuwa tayari kabla ya Krismasi.

Lori lilikuwa linashusha mbao za mkrismasi, mti laini wa kupandwa mashambani, kando ya msingi mpya. Vibarua wawili walibeba boriti moja wakiyumba, na Mwelu, aliyekuwa amesimama karibu, akaweka kiganja juu yake ilipopita. Kilirudi kimelowa. Utomvu ulikuwa unatiririka kutoka kwenye ncha, na gome bado lilikuwa la kijani penye kingo. Mti huo ulikuwa umesimama shambani wiki iliyopita, pengine juzi, na mbao mbichi hupinda na kupasuka ikikaukia paani.

Fundi mpya alikuwa kijana mchangamfu mwenye penseli sikioni. Mwelu alimuuliza kama ameziona mbao zenyewe. Akasema ameziona. Akamuuliza kama zimekauka. Kijana aligonga boriti kwa kifundo cha kidole, akatabasamu, na kumwambia asiwe na wasiwasi.

"Zitakaukia huko huko juu, madam."

Mwelu alitazama huku na huku uwanjani. Wazee wa kamati walikuwepo, na mchungaji, na mama waliokuja kubeba maji ya ujenzi. Walikuwa wanapanga mbao kwa urefu, wakizungumza. Hapakuwa na mtu wa kuzikataa.